Mteremko Ulioitwa Pori

Maximilian alikuwa akiomba mvua. Mtu mzima, kitambulisho cha mgodi kifuani, buti za kampuni miguuni, amekaa mbele ya mkutano wa kijiji anaomba mvua inyeshe watu watawanyike. Lakini Ufipa ikishafika Juni, mvua utaisubiri sana. Jua lilikuwa limewaka, upepo ni wa baridi, na uwanja wa shule ulikuwa umejaa mpaka wengine wamekaa juu ya ukuta.

Kilichowakusanya ni habari ya kurefusha maisha ya mgodi. Ndivyo wakubwa walivyokuwa wakisema, kurefusha maisha, utadhani kuna mgonjwa. Dhahabu ya chini ya shimo ilikuwa imekaribia kwisha, ila wataalamu walitoboa miamba upande wa mashariki wakakuta mkanda wake unaendelea chini ya ukuta wa shimo. Kuufuata lazima ukuta ukatwe, shimo lipanuliwe, na mteremko wote wa juu uondoke. Usipoondoka mgodi unafungwa, na Maximilian, afisa mahusiano, anarudi Sumbawanga mjini kuzunguka na bahasha ya vyeti kama vijana wenzake.

Sasa mteremko huo ulikuwa na wenyewe. Wapimaji walipopita baada ya masika waliona vituta vya duara vimejipanga, juu yake hakuna zao hata moja. Wakaandika kwenye ramani: pori. Na ardhi yako ikiandikwa pori, kampuni haikutafutii shamba jingine. Wale walikuwa wageni, tusiwasute bure. Wangejuaje kwamba Mfipa hufukia nyasi ndani ya tuta zioze, na kwamba tuta hilo, ntumba kwa wenyeji, ndiyo kazi ya mgongo yenyewe? Mvua ikirudi anautawanya udongo ule ulioiva na kupanda ulezi. Ukimwondolea ntumba umemwondolea chakula cha mwakani.

Maximilian hakuwa mgeni. Ntumba za mteremko ule alizipiga kwa jembe tangu utoto, nyuma ya mama yake mkubwa, Rosina, aliyemlea toka mama yake mzazi alipofariki. Aliliona neno pori kwenye ramani, akalipita. Siku ya kuajiriwa aliulizwa kama ana ndugu kwenye eneo la mgodi, kwa sababu mwenye ndugu hapewi kazi ya kushughulikia ardhi yao, naye akajibu hana. Alijiambia ni kauongo kadogo tu. Tangu hapo akawa anapita kwa Rosina Jumapili kwa kujiiba, kitambulisho kimefichwa mfukoni, na Rosina, masikini, akidhani mwanawe hapendi makuu.

Aliyeongoza mkutano alikuwa Shigela, mhandisi wa mipango ya shimo, Msukuma mpole mwenye sauti ya kanisani. Alipofika kwenye ule mteremko na kusema ni pori, Rosina akasimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha jumuiya, kile cha kwendea misa.

"Mwanangu mhandisi, samahani," alisema. "Pale si pori. Zile ni ntumba zetu. Nyasi tumezifukia, zinaoza. Tunangoja mvua tu."

Shigela hakupuuza. Afadhali angepuuza. Alishusha ramani, akamwangalia mama yule vizuri, kisha akamgeukia Maximilian.

"Max, wewe ni mtu wa huku. Hivi ni kweli? Vile vituta ni shamba? Kama ni shamba, narekebisha sasa hivi."

Basi, neno moja tu. Ndiyo. Hata kutikisa kichwa kungetosha. Maximilian alifungua mdomo, kisha akapiga hesabu. Akisema ndiyo, ataulizwa mbona alikuwa kimya wiki zote hizi, na hilo likifunguka, la undugu litafuata, na kazi hana.

"Mimi nimekulia mjini zaidi," alisema. "Mambo ya kilimo siyajui sana. Naona wapimaji walikuwa sahihi."

Uwanja mzima ukamwangalia. Hawakuzomea. Walimwangalia tu, watu waliomjua tangu anatembea bila viatu, na yeye akainamia buti zake. Shigela aliyaona yale macho, akashangaa.

"Mbona wanakutazama hivyo? Unafahamiana na huyu mama?"

"Hapana," alisema Maximilian.

Minong'ono ikaanza. Marselino, mwenyekiti wa kijiji, alishika fimbo yake akainuka, na uso wake ulikuwa umeshajaa maneno. Kila mtu alijua anakwenda kusema nini. Maximilian alijua pia, akakaza meno.

Rosina akamwahi. Alinyoosha mkono kumzuia mwenyekiti, akatembea taratibu mpaka mbele ya meza. Alimtazama kijana wake mara moja tu, na katika macho yake hakukuwa na hasira. Kulikuwa na kuelewa, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alikuwa ameelewa kwamba mwanawe anaogopa, kwamba mkate wake uko kwa watu hawa. Shamba likaondoka moyoni mwake palepale. Akamwambia mhandisi, kwa sauti ya kusikika na wote:

"Ni kweli, baba. Mimi huyu simjui. Tumeonana leo."

Kisha, ili mhandisi asibaki na shaka yoyote, akamgeukia Maximilian, akapiga goti vumbini, yeye mama wa nywele nyeupe, akakutanisha viganja kama wanavyofanya kwa wakubwa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bwana."

Shigela alikuwa anasubiri. Na Maximilian, Mungu amsamehe, akaitikia.

"Marahaba."