Kioo cha Kuutafutia Mwezi

Mwaka wa 1952 Waislamu wa Kitui mjini walimaliza Ramadhani siku moja kabla ya wakati. Mzee Abdallah, aliyekuwa ameutazamia mji mwezi kwa zaidi ya miaka ishirini, alisema ameuona, na hakuna aliyemtilia shaka. Watu wakala Idi. Kesho yake abiria wa lori la Mombasa wakasema wamewaacha watu wa pwani wangali wamefunga.

Hakuna aliyemkaripia mzee. Siku ile ililipwa, yakaisha. Lakini yeye aliacha kukaa barazani, akamwambia binti yake Halima kwamba huenda alichokiona kilikuwa ndani ya jicho lake mwenyewe.

Halima alikuwa mke wa Rashid, fundi bati aliyetengeneza taa na mifereji ya maji ya mvua. Rashid alimhurumia mkwewe asijue la kufanya, hadi Mwalimu Muli wa shule ya misheni kule Tulia alipoleta taa yake izibwe tundu. Mkononi alikuwa na gazeti la Kizungu lenye picha ya mtu aliyejitengenezea darubini nyumbani.

"Kazi kubwa inafanywa na kioo," Muli alimweleza. "Unachukua vioo viwili vya mviringo, unasugua kimoja juu ya kingine, na unga wa msasa katikati. Cha juu kinachimbika kama sahani."

"Kinachimbika kiasi gani?"

Muli akasoma tena. "Hata unene wa shilingi haufiki."

Rashid, ambaye kazi yake yote ilikuwa ya nyundo, alilifikiria neno hilo siku nyingi. Mwishowe akaomba kioo kinene cha meza ya duka iliyovunjika, akakata miviringo miwili, akapata msasa kwa mafundi wa magari. Kila asubuhi kabla ya kufungua kazi alilizunguka pipa alilowekea kioo cha chini, akisukuma cha juu mbele na nyuma. Kilinguruma kama jiwe la kusagia.

Katika mwezi wa tatu wa kazi alihamia msasa laini bila kuosha pipa vizuri. Punje moja ya msasa wa kwanza ikabaki, ikachora mkwaruzo kutoka ukingo hadi ukingo. Rashid akakaa chini.

"Utaacha?" Halima akamwuliza.

"Nikirudi nyuma, ni wiki tatu."

"Basi ni wiki tatu," Halima akasema, akaenda kuteka maji, akalisugua pipa kwa mikono yake.

Baadaye walikisugua tena kwa lami iliyochanganywa na nta ya nyuki wa Migwani, mpaka kikang'aa. Muli akaleta dawa ya fedha ya kukipaka kioo, kutoka kwa mpiga picha wa Machakos. Mara ya kwanza fedha ilishika madoa meusi. Mara ya pili ikashika sawasawa. Rashid akafunga kioo ndani ya bomba la bati, na lenzi ya darubini kuukuu ya jeshi mahali pa jicho.

Mwezi wa Shaabani ulipokuwa nusu duara angani, walitazama wote watatu kabla jua halijazama. Muli akaondoa jicho kwenye lenzi. "Miaka saba nawafundisha watoto kwamba mwezi uko na milima," akasema. "Nilikuwa naamini kitabu tu."

Jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani watu walipanda kilima nje ya mji. Jua likazama, wasione kitu. Rashid akalizungusha bomba polepole juu ya upeo, akasimama.

"Upo," akasema.

Watu wakatazamana. Mmoja akauliza kama mwezi wa ndani ya bati ni mwezi. Mwingine akasema, "Mzee Abdallah atazame. Akisema upo, tutamfuata."

Mzee akasogea. Akainama penye lenzi, mkono wake juu ya bati. Neno moja tu lingemrudishia heshima yake yote. Watu walikuwa wanalingoja.

"Mimi sioni," Mzee Abdallah akasema. "Naona ukungu mweupe. Msinitegemee mimi."

Akajiondoa. Halima akatazama mahali pake, kisha akainua kichwa, akapima kwa macho bomba limeelekea wapi, akanyoosha kidole juu ya mti wa mgunga uliokuwa peke yake upande wa magharibi.

"Acheni bati. Tazameni pale, kidole kimoja juu ya mti."

Kwanza akauona mwanamke mmoja, kisha mzee mwingine, kisha karibu wote: uzi mwembamba uliolala, kwa macho matupu.

Watu waliposhuka kuandaa Idi, mzee alibaki nyuma na binti yake.

"Umelala upande gani?" akamwuliza.

"Umeelekea kulia kidogo, Baba."

"Mwembamba?"

"Mwembamba sana."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akamshika mkono kuteremka. Njiani akaanza kumweleza jinsi ya kuukisia mwezi mwandamo kila mwezi: asimame wapi, na aanze kutafuta dakika ngapi baada ya jua kuzama.