Msimu wa Kufiwa Songo Mnara

Katika kijiji chao, kusini ya Kilwa Kivinje, hakuna aliyejua misimu kama Mwahija. Si misimu ya mtama na mpunga. Hiyo kila mtu aliijua. Mwahija alijua misimu ya pamba ya serikali, na kwa kila msimu alijua mahali pa kwenda.

Pamba ile ilikuwa ya Mdachi. Mdachi alimwambia akida, akida akamwambia jumbe, jumbe akawaambia watu: kila mwenye mikono miwili atalima shamba la serikali, na asiyetaka atalazwa kifudifudi apigwe viboko hamsa ishirini. Basi siku za kufyeka zilipokaribia, Mwahija alimchukua mumewe Tawakali wakaenda Rutamba kwa wajomba zake Wamwera, kwa sababu akida wa kule alikuwa na miguu mibovu na hakupenda kuzunguka mashambani. Masika, wakati wa palizi, walihamia Kitomanga, maana tope la njia ya Kitomanga liliwashinda hata askari. Na kipupwe kikiingia, pamba ikipasuka na kutaka wachumaji, hapakuwa na mahali pazuri duniani kama kisiwa cha Songo Mnara. Kulikuwa na upepo wa kutuliza mwili, pweza wanene, na hapakuwa na shina la pamba hata la kufanyia utambi.

Tawakali hakuchagua kitu. Alikuwa mtu mpole, ambaye mgongo ulimuuma akiliona jembe limeegemezwa ukutani tu. Aliuliza, "Mke wangu, mwezi huu tuko wapi?" na akiambiwa, alikunja mkeka wake.

Kazi ilikuwa kupata ruhusa. Ruhusa ilitoka kwa Akida Maftaha, bwana mnene wa mjini aliyewekwa na Mdachi juu ya vijiji vile, mwenye joho la kutarizi na fimbo ya mpingo. Arusi hakuiruhusu. Ugonjwa hakuuruhusu, alisema mgonjwa akitaka kupona atapona hata bila kutazamwa. Lakini alipenda kuitwa mcha Mungu, na kwa hiyo msiba hakuweza kuukataa mbele za watu.

Songo Mnara alikaa Bi Kudra, shangazi yake Mwahija, mjane mwenye afya ya punda. Mwaka wa kwanza wa pamba, barazani kwa akida, alikufa kama shangazi. Mwaka wa pili akafa kama mama mkubwa. Yeye mwenyewe hakuwa na habari. Alimshukuru Mungu tu kwamba binti wa kaka yake anamkumbuka kila kipupwe.

Mambo yangekwenda hivyo miaka mingi kama Mwahija angeweza kufunga mdomo. Lakini alipenda sana kuombwa ushauri. Majirani walianza kuja uani kwake, mmoja mmoja, wanauliza, "Bi Mwahija, mwezi huu unatupeleka wapi?" Naye aliwapangia. Asiye na jamaa kisiwani aliazimwa mmoja. Ikafika ule mwaka ambao baadaye watu waliuita mwaka wa Maji Maji, na pamba ilipopasuka tu, nusu ya kijiji ilikuwa imefiwa, na misiba yote ilikuwa Songo Mnara.

Mwahija alifika barazani kwa akida akiwa amejifunga kaniki.

"Shikamoo, bwana akida."

"Marahaba. Umefiwa."

"Nimefiwa, bwana. Bibi yangu aliyenilea."

"Songo Mnara?"

"Huko huko, bwana."

Akida Maftaha alizungusha fimbo yake polepole. "Watu wa kisiwa kile wanakufa sana wakati wa kuchuma."

"Ni baridi, bwana. Wazee hawaiwezi."

"Hapana shaka." Akida alimtazama, kisha akatazama kule mashambani, kwenye vumbi na kelele, ambako msimu huu angetakiwa kusimama juani kutwa nzima akihesabu vikapu. Akakumbuka habari za pweza. "Kisiwa kikifikwa na makubwa kama haya, serikali haiwezi kukaa kimya. Nitakwenda mwenyewe kutoa pole. Tutasafiri pamoja."

Wakaondoka siku ile ile, na Tawakali. Kumpelekea Bi Kudra habari za kifo chake hakukuwa na njia, maana mashua ya kwenda ilikuwa ni hiyo hiyo ya akida, na askari wawili walikaa mbele na bunduki zao. Tawakali alimnong'oneza mkewe, "Sasa je?" Mwahija alikuwa akiutazama ufuo unavyosogea, na juu ya mchanga, na kikapu cha chaza kichwani, amesimama marehemu.

Ndipo akafungua kinywa.

"Ole wangu, Bi Kudra!" alipiga ukelele uliomfanya baharia aachie usukani. "Bibi yangu Kudra umekufa! Umekufa na umezikwa! Umezikwa jana, bibi yangu, na bwana akida anakuja kukuombea dua! Yuko hapa na askari!"

"Wewe mwanamke, kulia kwa makelele ni makosa katika dini," alisema akida.

"Najua, bwana, lakini uchungu!" Akaendelea kwa sauti kubwa zaidi, akieleza maradhi, siku na mahali pa kaburi.

Ufuoni Bi Kudra alisimama kusikiliza jinsi alivyokufa. Aliona tarbushi nyekundu za askari. Akaweka kikapu chini, akajifunika uso kwa shuka, akaenda zake nyumbani kwa mwendo ambao maiti hana. Watu wa kisiwani nao si wajinga. Mashua ilipogusa mchanga, walikuwa wamekwisha jipanga na nyuso za msiba, na majirani waliotangulia kufiwa walitoka vichochoroni wakiwa wameinamisha vichwa.

Matanga yakawekwa. Mikeka ilitandikwa mbele ya nyumba ya Bi Kudra, wanaume nje, wanawake ndani, na marehemu akakaa katikati ya wanawake, amejifunika gubigubi, anajililia kwa hasira.

"Mwahija, mwanangu," alinong'ona, "nimekufa mara ngapi mimi?"

"Hii ya tatu, shangazi. Nisamehe."

"Na mbuzi anayelia nyuma ya nyumba ni wa nani?"

Mwahija aliinama. Mbuzi alikuwa wa Bi Kudra. Akida alikuwa amekwisha mchagua.

Baada ya dua akida alisimama, akasafisha koo, akasema kwamba marehemu alimfahamu vizuri. Hakuna aliyeshangaa, mtu wa serikali anafahamu kila mtu akishakufa. Alisema Bi Kudra alikuwa mama wa mfano, mtiifu, mwenye haya, asiyejua kusema hapana. Wanawake ndani waliuma shuka zao wasicheke. "Na jambo moja sitalisahau," akida alisema huku akishika kifua. "Mama huyu aliipenda pamba ya serikali. Kama udongo wa kisiwa hiki ungekubali, angeilima kwa mikono yake."

"Mimi?" ilisikika sauti kutoka ndani.

Mwahija alimfinya shangazi yake, akaangua kilio kipya, na wanawake wote wakakipokea. Nje, akida alifuta jicho. Aliona maneno yake yamewachoma.

Matanga ya siku tatu yakaisha. Akida hakuondoka. Usingizi wa kisiwani ulimkubali, supu ya pweza ilimkubali zaidi, akasema kwamba familia haifai kuachwa peke yake katika majonzi. Kutoka bara jumbe alituma mtu kumwita, kwamba wachumaji hawatoshi. Akida alijibu kwamba yuko msibani. Mwahija alipolisikia jibu lile alishindwa kujua kama acheke au alie. Ulikuwa udhuru wake mwenyewe, na akida alikuwa ameuvaa ukamkaa vizuri kuliko yeye.

Siku hizo zote Bi Kudra alifungiwa chumbani kama mwali. Alikula makombo ya mbuzi wake. Alisema akitoka huko atamuua mtu, na ataanza na ndugu.

Kisha mashua moja ikaja kutoka bara, imejaa watu na mizigo iliyofungwa ovyo. Walisema Wamatumbi wameng'oa pamba. Wamekunywa maji ya dawa, na risasi za Mdachi zitageuka maji zikiwafikia. Wanachoma maghala na kuwasaka maakida. Nyumba ya Akida Maftaha imeungua, na joho lake la sikukuu amelivaa mtu mwingine.

Asubuhi yake askari wawili hawakuonekana, wala mashua ya akida. Walikuwa wamekwenda Kivinje kulinda boma, au labda kujilinda wenyewe bomani. Akida Maftaha alizunguka ufuoni, akarudi, akazunguka tena. Mwishowe akaja uani, akaketi juu ya kinu, akasema kwa sauti ndogo ambayo Mwahija hakuwahi kuisikia:

"Bi Mwahija. Wewe ni mjuzi wa safari. Msimu kama huu, mtu aende wapi?"

Mwahija alifikiri kwa dhati, maana swali lilikuwa la kazi yake. "Rutamba pazuri, bwana, lakini nasikia mwezi huu wanapiga maakida. Kitomanga pia wameanza. Kivinje ukifika utapona, ila njia nzima ni ya wenye maji."

"Zanzibari?"

"Kwa mashua gani, bwana? Ile iliyoleta watu imekwisha rudi kuchukua wengine."

Mlango ukafunguliwa, akatoka Bi Kudra, uso wazi, mikono kiunoni. Akida alimtazama. Alimjua kwa maneno yake kabla ya kitu kingine, maana Bi Kudra alisema, "Mimi marehemu nimechoka kukaa ndani."

Tawakali alisogea nyuma ya nguzo. Akida alitazama upande wa bara ambako moshi ulikuwa ukipanda sehemu kadhaa.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Umekula mbuzi wangu. Utafanya kazi."

Akida akapewa shuka kuukuu ya marehemu mume wa Bi Kudra, joho likafichwa shimoni, na wageni waliofika kutoka bara wakaambiwa kwamba huyu ni shemeji kutoka Mafia, si mzima sana wa akili. Kila maji yakitoka alipelekwa mwambani kupiga pweza walainike. Bi Kudra alisimama juu yake na kijiti. "Piga, baba, piga. Kupiga unakujua." Na kweli alikujua. Tawakali, aliyekuwa akipumzika kivulini, alimwonea huruma kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Manowari ya Mdachi ilipotia nanga Kilwa, akida alidai joho lake. Hakuaga. Baadaye ilisikika kwamba alimwambia bwana mkubwa wa boma kuwa siku zote zile alikuwa Songo Mnara akiwatuliza watu, na ndiyo sababu kisiwani hakukuchomwa hata kibanda. Bwana mkubwa alimpa nishani na vijiji vingine zaidi. Naye akida akatoa amri mpya: msiba wowote wa mwambao, lazima aarifiwe ahudhurie.

Lakini askari walikuwa wamepita bara wakichoma maghala ya nafaka, wakang'oa hata mihogo michanga. Wenye maji walikuwa wamekufa kwa risasi. Waliobaki walianza kufa kwa njaa. Msimu uliofuata misiba ilikuwa ya kweli, kila nyumba. Akida aliarifiwa yote. Hakuhudhuria hata mmoja, kwa kuwa hapakuwa na mahali walipoweka sufuria motoni.

Mwahija alikuwa bado kisiwani. Majirani waliokuwa bara walipomtumia salamu kuuliza waende wapi, hakungoja ruhusa ya mtu. Alimwomba baharia mmoja mashua yake, akawavusha kwa zamu, wazee kwanza. Bi Kudra alinung'unika juu ya nafasi, juu ya maji ya kisima, juu ya mikeka, na huku akinung'unika alimsogezea kila aliyefika kipande cha samaki.

Samaki peke yao hawakutosha. Basi asubuhi moja Mwahija na mumewe walivuka bara kutafuta ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo hapo awali hakuna aliyejisumbua navyo. Vilikuwa virefu, vimejificha ndani sana, na ardhi ilikuwa kavu. Tawakali alishika jembe bila kuambiwa. Alichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, akavifunga kitambaa, akainama tena, na Mwahija akapiga magoti pembeni yake akifukua udongo kwa mikono, mpaka kikapu kikajaa.