Asilimia Ishirini ya Themanini

Maji yalikuwa yameanza kuchemka kwenye masufuria yote mawili Paskazia alipoitwa ofisini. Alimwachia mwenzake mwiko, akakatiza uwanja wa shule uliopasuka kwa ukame wa Kishapu.

Ndani walikuwa watatu: mkuu wa shule, Sostenes mtunza stoo, na Mwalimu Athanas wa hisabati, aliyekuwa akiandika muhtasari.

“Mama Vumilia,” mkuu alianza bila kumkaribisha Paskazia kiti, “wazazi wanalalamika ugali ni mdogo. Mwezi wa pili tulipunguza unga kwa asilimia ishirini. Mwezi wa tano tukauongeza kwa asilimia ishirini. Umerudi kilo mia kwa siku, na daftari la stoo linasema hivyo. Sasa kilo nyingine unapeleka wapi?”

Paskazia alikuwa mjane mwenye watoto wanne, kazi nyingine hakuwa nayo.

“Mimi napokea kilo tisini na sita, mkuu. Kila asubuhi nasoma mizani.”

Sostenes akacheka. “Ishirini ilitoka, ishirini imerudi. Hata mtoto wa darasa la nne analijua hilo.”

Mkuu akamsukumia karatasi. Ilisema Paskazia amekiri upotevu wa kilo nne kwa siku, kwa siku ishirini na tano. Gunia zima, likatwe kwenye mshahara wake.

Hakuigusa kalamu. Shule aliishia darasa la saba, lakini jiko lilipakana na kidato cha pili, na masomo yalipenya dirishani pamoja na vumbi la chaki.

“Mwalimu Athanas,” alisema, “juzi ulimsimamisha mwanafunzi kwa kosa hilihili. Nilikusikia. Unga ukishashuka mpaka themanini, asilimia ishirini yake ni ngapi?”

Mwalimu aliacha kuandika. Uhamisho wake wa kwenda Kahama, kwa mkewe, ulikuwa unangoja saini ya mkuu.

“Kumi na sita,” alisema chinichini.

“Ukijumlisha na themanini?”

“Tisini na sita.”

Sostenes akalivuta daftari karibu na kifua chake.

“Basi la kuulizwa ni hilo daftari,” Paskazia alisema. “Tena na anayeliandika.”

“Hesabu za darasani ziishie darasani!” mkuu alifoka. “Unasaini, husaini?”

“Yaya!” Hapana ya Kisukuma ilimtoka kabla ya Kiswahili. “Sisaini.”

“Basi leo ndiyo mwisho wako hapa.”

Mwalimu Athanas aliinamia karatasi yake. Hakuandika kitu.

Paskazia alirudi jikoni, akausonga ugali mpaka ukaiva, maana watoto hawakuwa na kosa. Saa saba, foleni ilipofika mlangoni, alisimama na kupaza sauti:

“Leo nimepika kilo tisini na sita. Mkifika nyumbani, waambieni wazazi wenu.”

Minong'ono ikapita kwenye foleni. Msichana wa mbele akanyoosha sahani.

“Kwani ilitakiwa iwe ngapi, mama?”

“Daftari la stoo linasema mia,” alisema Paskazia, akampakulia.