Ganzi Kushoto, Kavu Kulia

Miaka ile chumba cha meno kilikuwa mwisho wa korido, dirisha likitazama ukuta wa jirani, na watu wawili waliofanya kazi humo hawakuishiwa ubishi. Mmoja alikuwa daktari wa meno, mwanamke mwepesi wa mikono na wa maneno. Mwingine alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo na misuli. Wagonjwa walimwita Bwana Taratibu, maana hata mlango aliufungua kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Walibishania sindano. Mgonjwa wa taya akija, daktari aliutafuta kwa kidole msuli uliokaza shavuni, akauchoma na kuutia ganzi kidogo. Bwana Taratibu yeye alitumia sindano kavu, nyembamba kama unywele, isiyo na dawa yoyote. Aliichomeka kwenye fundo lenyewe la msuli, akaichezesha mpaka msuli ukaruka na kulegea.

"Ganzi yako inauhadaa msuli tu," alisema.

"Na wewe unautesa. Kunywa chai, inapoa."

Ndipo akaja mwalimu wa kwaya, mama wa makamo, mataya yote mawili yanamuuma, mdomo haupitishi hata kijiko. Aliwasikiliza wakivutana juu ya kichwa chake, kisha akasema kwa meno yaliyobana, "Wanangu, si kila mtu achukue upande wake?"

Walitazamana. Wakamweleza njia zote mbili, akaridhia. Kushoto ganzi, kulia kavu.

Kesho yake shavu la kulia lilimuuma kama la mtu aliyezabwa kofi, la kushoto shwari. Daktari alitembea kifua mbele kutwa nzima. Bwana Taratibu akanywa chai yake.

Wiki zikapita. Mama aliporudi, wote wawili walimwinamia kitini.

"Haya, mama, upande upi umepona zaidi?"

Akapanua mdomo, akaufumba, akapanua tena. "Jamani, mimi nimeimba, nimekula, nimemgombeza mume wangu. Nani alikuwa na nafasi ya kukumbuka upande?"

Bwana Taratibu alicheka mpaka akavua miwani afute machozi.

Siku hizi daktari yuko peke yake. Mwenzake alistaafu, akahamia mbali kwa bintiye. Njia zote mbili daktari anazitumia sasa: anayeogopa maumivu humtia ganzi, asiyepatana na ganzi humchoma kavu, kama alivyofundishwa na Bwana Taratibu kabla hajaondoka, mkono wake mzito juu ya mkono wa daktari. "Usiulazimishe. Ngoja ulegee wenyewe."

Juzi mchana, mgonjwa wa mwisho alipotoka na chumba kikanyamaza, daktari alimpigia simu Bwana Taratibu.

"Nina taya gumu hapa," alisema. "Naona nilitie ganzi."

Hakukuwa na mgonjwa yeyote kitini. Upande wa pili wa simu kiti kikasikika kikivutwa.

"Haya, anza," Bwana Taratibu alisema. "Leo nina nafasi."