Mishono Nje

Mtoto wangu tunamwita Kifungo. Jina alipewa na wifi yangu, fundi cherehani, siku ileile aliyozaliwa: kaduara, kadogo, na kakikosekana nyumba nzima inabaki wazi.

Baada ya kujifungua niliugua sonona. Si huzuni ya kulia. Machozi yangekuwa nafuu. Nilimtazama Kifungo kama mtoto wa jirani anayepita dirishani. Dawa za kwanza hazikufua dafu, za pili vilevile. Wifi akafunga duka, akahamishia cherehani sebuleni kwetu, akawa anashona na mtoto mgongoni. Kifungo alipoanza kusema, wifi ndiye aliyeitwa mama. Wifi akamrekebisha haraka, kisha akaniangalia. Sikuhisi kitu. Kutohisi huko ndiko kulikonifanya nikubali kurudi hospitali.

Daktari alisema tungejaribu tiba mbili kwa pamoja. Hakuniahidi kupona, ila alisema wapo waliopata nafuu. Mtaalamu wa mashine akanifunga kichwani mkanda wenye sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi. Umeme mdogo ukapita, ukinichonyota kama sisimizi. Kisha akaniwekea sumaku upande wa kushoto, ikagonga ko-ko-ko kama kigogota.

"Kwa nini msianze na hiyo ya kugonga?" wifi akauliza.

"Umeme unaiandaa ile sehemu ya ubongo, sumaku iikute tayari."

"Basi ni pasi tu. Unanyunyizia maji kwanza. Tulia, wifi, unyooshwe mikunjo."

Mtaalamu alicheka hadi akasimamisha mashine. Mimi sikucheka. Tukarudi kesho yake, na keshokutwa, na wiki zikapita hivyo.

Asubuhi moja wifi alikuwa anashona, Kifungo anatambaa kwenye vipande vya kitambaa. Nikaona nyuzi zinaning'inia begani kwa mtoto.

"Wifi, mtoto umemvisha gauni ndani nje."

Cherehani ikanyamaza.

"Hebu sema tena."

"Ndani nje. Fundi mzima wewe, hata aibu huoni?"

"Aibu ninayo tangu mwezi uliopita." Akanigeukia. "Kila siku namvisha hivi, nangoja unigombeze. Wateja wananiuliza kama macho yameanza kufifia. Jina langu la ufundi limechafuka, wifi yangu, kwa kuusubiri ulimi wako."

"Na kama nisingeona?"

"Angeolewa nalo hivyohivyo."

Nikacheka. Kicheko kilitoka kikikwaruza, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. Nikamwita Kifungo. Alimtazama shangazi yake kwanza, kana kwamba anaomba ruhusa. Wifi akajifanya anatafuta sindano chini. Mtoto akaja. Nikamvua gauni, nikaligeuza, nikamvisha upya, nikihangaika na vile vifungo vidogo. Alikuwa na joto la usingizi na harufu ya kitambaa kipya. Akanishika kidole gumba, hakukiachia. Nilihisi kila kitu.

Bado naenda hospitali. Daktari anasema tusiwe na pupa, na siku nzito bado zipo. Wifi amerudi dukani kwake. Kila ninapomvisha mtoto, huligeuza gauni kwanza niitazame mishono ile ya ndani, iliyonyooka, nimwombee heri aliyeishona.

Kifungo bado anatuita sote wawili mama. Wifi humrekebisha. Mimi humwacha.