Nilichowafundisha Kumbini

...maji yana uvuguvugu, ameyapasha, ana adabu huyu Erasmo, ameinama na birika, mkono wa kushoto nyuma kama nilivyomfundisha, hanitazami machoni, na mimi nimekinga mikono juu ya beseni wala sinawi, nimekwama kwenye neno alilolisema sasa hivi, tena kwa heshima zote, "Mjomba, yameisha hayo, nilikuwa namwonya tu, kwa utaratibu uleule mliotupa kumbini, usoni sijamgusa, mtazameni mwenyewe," na nikamtazama kweli, Consolata, mpwa wangu, anatenga ugali na kuku aliyechinjwa kwa ajili yangu, uso wake safi, hauna hata mkwaruzo, uso uleule nilioukagua Jumanne alipokimbilia kwa mama yake Milola, nikatamka mbele ya watu kwamba huyu hajapigwa, anadeka tu, nitamrudisha mwenyewe kwa mumewe Rutamba, mjomba wake ni mimi... na dada yangu Katarina akaninong'oneza, "Valentini, ulizia mgongo," nikamfokea, mjomba gani anatazama mgongo wa mpwa wake, una wazimu? na leo asubuhi kwenye lori la wanunuzi wa korosho Consolata kasimama njia nzima kashika bomba, magunia ya kukalia yapo tele, nikasema moyoni, kiburi hiki ndicho kinachomponza, kumbe hawezi kuegemea, Mungu wangu, mtoto hawezi kuegemea kitu, na mimi nimemsindikiza mpaka mlangoni... "Shida ilikuwa yale maandazi, mjomba," anasema Erasmo, maji bado yanachuruzika, "anawauzia madereva, anacheka nao, lakini ameshasema ataacha," maandazi! redio inaimba kila siku watu wafanye biashara, duka limejaa, lori zinaingia, kila kitu ruksa, isipokuwa Consolata na karai lake... mwaka ule ndio kwanza sabuni zilikuwa zimerudi madukani, miaka kumi sasa, wavulana kumi na wanane wa jando wameketi kumbini kwenye majani, vidonda vibichi, huyu Erasmo wa tatu kutoka mwisho, na mimi kungwi wao na fimbo nachapa ardhi, mke anaonywa hivi, wanaitikia ndiyo kungwi, na hayo nilipewa na kungwi wangu, lakini la uso si lake, la uso nililiongeza mimi, kwa akili yangu, kwa sababu nilimwona mama mmoja kliniki jicho limefungwa kabisa, nikaona aibu, nikajiona mstaarabu kuliko wazee wote, nikawaambia usoni hapana, watu watasema nini, na nilisifiwa kwa hilo, eti vijana wa Valentini hawaharibu wake zao, nikavimba kichwa, mjinga mkubwa mimi, kumbe nilikuwa nawafundisha kuficha, na mtu wa kwanza kufichwa nikawa mimi... "Karibu chakula, mjomba," Consolata huyo, amechutama kuweka bakuli, kanyoosha mgongo kama mtu mwenye ndoo kichwani, sauti haina lawama, afadhali angelaumu, afadhali angenimwagia huo mchuzi, nina hasira, natamani nimkunje huyu kijana shati, na kosa ni lake, mtu mzima, mkono wake mwenyewe, hakuna aliyemshika akamwinulia, lakini njia nilimchorea mimi, siwezi kumkunja halafu nikarudi nyumbani nikalala... chakula hiki sili, na mtoto simwachi, waseme Valentini amevunja nyumba, waseme, ilishavunjika, lakini hao wengine je, Jerome aliyeoa juzi, harusi nikacheza mpaka viatu vikaachia soli, yule mwingine aliyehamia Likawage, na wa kumbi la pili na la tatu, kila Jumapili nawaona wake zao kanisani nyuso safi nafurahi, nakohoa kwa majivuno, itabidi nipite mlango kwa mlango, nikae mbele ya kila mmoja na mkewe akisikia, niseme nilikosea, neno ambalo ulimi wangu haujawahi kulibeba, na mwezi wa nane wananiita tena kumbini, wavulana tisa, sijui nitawaambia nini, najua tu nisichowaambia... "Mjomba, niongeze maji?" anauliza Erasmo, birika limebaki tupu, mikono yangu bado imekingwa pale pale, naye Consolata ananitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, anangoja, nitamwambia afunge kanga zake tuondoke, na huko njiani itabidi nitafute maneno ya kumwambia Stefania, mke wangu, aliyelala kifudifudi siku tatu mwaka ule wa njaa nikawaambia majirani ana malaria, maana hayo yote, kabla sijawafundisha watoto wa watu, nilijifunzia kwake.