Kiti Kisichokauka

Hii ni kweli tupu. Atakayenasa uongo humu, hata wa kijiko kimoja, msimulizi atamnunulia chai, yeye na benchi zima alilokalia.

Dereva wa bodaboda alimaliza kuosha pikipiki yake nyekundu alasiri, akaisogeza kivulini, maana jua kali hupasua kiti. Akafuta taa, tangi na rimu kwa fulana kuukuu. Akachomoa plagi, akaipuliza, akairudisha. Akawasha injini ingurume kidogo, joto likaushe maji yaliyojificha, kisha akaizima. Cheni akaipaka oili. Vyote vilikauka, isipokuwa kiti.

Alikifuta, kikalowa. Akakifuta tena, kikalowa tena. Maji yalitoka ndani taratibu, safi, yakinuka sabuni ya mche. Yeye huoshea ya unga. Ya mche alikuwa akiitumia marehemu kaka yake.

"Baba watoto, umejikojolea tena?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Ni kiti."

"Kiti nacho kina mwenyewe."

Dereva akainama kukagua cheni aliyokwisha kuikagua. Siku waliyotoka makaburini alimwambia mjane wa kaka yake, "Shemeji, pikipiki naichukua niitunze tu, isiliwe na kutu." Mjane akamkabidhi funguo kwa mikono miwili. Na kutunzwa imetunzwa, haijalala na tope hata siku moja. Ila kurudi haijarudi.

Shemeji mwenyewe akatokea, furushi la sare za shule kichwani. Ni fundi cherehani, na wateja wake wako upande wa pili wa mji. Vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini.

"Karibu upumzike, shemeji."

Kwa kuwa hapakuwa na kigoda, alikalia pikipiki, upande upande, kama alivyokuwa akipakiwa na mumewe. Kiti kikakauka papo hapo. Alikipapasa.

"Umekikausha vizuri. Marehemu alikuwa anakifutia shati lake, namfokea mpaka nachoka."

"Unakwenda mbali?"

"Kule kule kwa siku zote. Mguu unafika."

Funguo zilikuwa kiganjani mwa dereva, zimeshapata joto. Mdomo ukafunguka. Mkewe akaacha kufagia, akamtazama.

"Basi," dereva akasema, "tembea pembeni kabisa, shemeji. Madereva wa siku hizi hawana adabu."

Akamtwisha furushi. Kabla hajafika kona, kiti kilikuwa kinachuruzika. Dereva alikivika mfuko wa nailoni, akaukaza kwa mpira wa tairi, na hadi leo huendesha akiwa amekalia maji yanayochezacheza. Abiria wameshazoea.

Msimulizi alipofika hapo, kinyozi mmoja pale benchini alimkatiza.

"Mzee, muongo mkubwa wewe! Ile pikipiki nyekundu tangu lini? Ni ya bluu. Naipanda kila asubuhi, suruali zangu zote mashahidi."

"Bluu," benchi zima likaitikia.

Msimulizi hakuwa na pa kutokea. Akaagiza chai ya wote. Wakiwa bado wanapuliza vikombe, fundi cherehani alipita mbele yao kwa miguu, furushi kichwani, na nyuma yake bodaboda ya bluu ikampigia honi apishe.